Jicho la Kaka Limetangulia

9 Februari

Kwa mdogo wangu, mbeba maziwa,

Ukiona mwandiko umenyooka ujue si wangu. Anayesema ni mimi, anayeandika ni wifi yako, amekaa kwenye stuli kando ya kitanda na anajifanya karani wa mahakama. Mimi nimelala chali, uso juu, kama maiti inayongoja ndugu wa mbali. (Nimemkataza kusema hivyo. Hasikii. – Wifi.)

Sisi wengine ni wazima. Watoto wanasoma, mdogo ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mkubwa. Mama yu hali gani? Mwambie namsalimu, na asisumbuke na safari ya kuja kuniona, ni mbali mno.

Sasa mambo yenyewe. Jicho la kulia limefanyiwa kazi. Daktari alinieleza kwamba konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kina matabaka. Kwangu lililochoka ni tabaka la ndani kabisa. Kazi yake ni kuyatoa maji yasituame ndani ya kioo, nalo lilikuwa limeacha kazi bila kuaga. Ndiyo maana nilikuwa naamka kwenye ukungu, halafu kufikia mchana unapungua. Basi hawakubadilisha kioo kizima. Wamebandua ule utando wa ndani peke yake, mwembamba kuliko ngozi unayoikuta ndani ya ganda la yai, wakaweka wa mtu aliyefariki. Mungu amrehemu, na awabariki ndugu zake waliokubali. Mtoto wa jicho aliyekuwa nyuma yake naye wakamtoa humo humo.

Utando huo haukushonwa. Unashikiliwa na kiputo cha hewa walichopuliza ndani ya jicho. Hewa hupanda juu, kwa hiyo natakiwa nitazame dari ili iusukume utando mpaka ushike. Nikigeuka nimeharibu. (Ameshainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti lilikuwa limefungwa. – Wifi.)

Bosi wa gereji alikuja. Alisema nafasi yangu ipo, lakini alilisema hilo huku anatazama simu, na hata mimi nisiyeona nililiona. Ukweli ni kwamba roho yangu iko juu. Fundi wa kunyoosha bodi anaweza kupapasa. Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi ili mlango mpya ufanane na gari la zamani. Mchanganya rangi asiyeona rangi ni mtu wa kukoroga tu, na kukoroga hata fimbo inaweza.

Niandikie. Kwenye simu mimi na wewe hukatana kauli, halafu wewe hukata na simu yenyewe.

Kaka yako


21 Februari

Kaka, mlala chali,

Nimeipokea barua na nimemsomea Mama yote, pamoja na mabano ya wifi, ndiyo aliyoyapenda zaidi. Amesema ukimwona wifi umwambie kalamu ni yake, asikupe tena.

Sisi hatujambo. Mama ni yule yule, asubuhi anakaa mlangoni, jioni anakaa dirishani, anafuata mwanga. Mafua yamempata yakampita. Mimi na lori langu tunaendelea. Wamenibadilishia matairi ya nyuma, sasa halirukiruki tena nikiwa na mitungi mitupu.

Mama anataka kujua mambo. Jicho lilikuwa linauma wakati wanalifanyia kazi? Ulikuwa macho au walikulaza? Ukiamka asubuhi sasa unaona nini, ukungu bado upo au umekwenda? Taa za magari yanayokuja mbele bado zina duara la rangi pembeni, kama ulivyosema mwaka jana? Na mtu akishafanyiwa hivyo anaruhusiwa kuendesha gari lini?

Ya kwake yeye yameshapita, unajua. Miaka yote ile alikuwa anajifuta macho kwa khanga akidhani ni moshi wa jiko, na hakukuwa na wa kumwambia vingine. Lakini anapenda kujua habari zako.

Lala vizuri. Geti wifi atafunga.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Leo ni mimi mwenyewe, usiulaumu mwandiko. Naandika mchana, kwa jicho la kushoto, lile la zamani, maana la kulia bado halijaajiriwa.

Habari za hapa ni njema ukiniondoa mimi. Wifi yako amehamisha viti vyote ukutani nisijigonge. Sasa najigonga kwenye mlango, anasema huo ni ukaidi, si ugonjwa. Yule mdogo ameota jino jipya. Mpe Mama pole ya mafua.

Uliuliza kuhusu asubuhi. Ukungu haujaondoka, umebadilika tabia. Wa zamani ulikuwa unakuja alfajiri na kuondoka mchana, kama mtu mwenye kibarua kingine. Huu mpya haujali saa. Natazama kama kupitia kioo cha bafuni, mtu akiwa ametoka kuoga maji ya moto. Maumivu hayakuwepo ya kusimulia. Nilikuwa macho, nikaona mianga tu na kusikia daktari akiomba vifaa vyake kwa upole kana kwamba anaomba chumvi mezani.

Kinachoniua ni kusubiri. Daktari anawasha taa yake, anachungulia, anasema, "Utando umeshika vizuri sana." Halafu ananisomesha herufi za ukutani, nami naona ukuta. Nikamuuliza, umeshika vizuri mbona sioni? Akasema kioo kilivimba kwa maji, sasa yanatolewa polepole. Kwa wengine ni wiki, kwa wengine ni miezi. Nikamuuliza mimi ni wa wengine gani. Akacheka. Sikuwa namchekesha.

Kwa hiyo nazunguka. Natoka chumbani naingia sebuleni, natoka sebuleni nasimama uani, nafunika jicho moja nafunika jingine, natazama ndoo, natazama kamba ya nguo. Wifi yako amesema nikiendelea hivyo ataniuza kwa saruji ya kuziba njia niliyoichimba. Jana nilipita gereji kusalimia tu. Hilo hajui, na barua hii naipeleka posta mwenyewe.

Sasa nikuulize mimi. Mama namjua tangu sijajua kutembea. Hajawahi kuuliza maswali yaliyopangana hivyo. Na hata baiskeli hajawahi kupanda, leo anataka kujua mtu anaruhusiwa kuendesha gari lini. Nani anauliza?

Kaka


5 Aprili

Kaka,

Salamu kutoka kwa wote. Mama hajambo, mvua imeanza, paa la jikoni linavuja mahali pale pale.

Mama aliuliza kwa niaba ya jirani. Jirani ana ndugu ambaye ni dereva.

Kazi inakwenda. Siku hizi naondoka jua likishapanda, maziwa ya alfajiri amepewa mwenzangu. Ni mabadiliko ya kawaida, wala usiyatie chumvi.

Na wewe, kusalimia gereji ndiyo nini? Mtu anakwenda kusalimia amevaa ovaroli? Maana nakujua. Niambie kama umerudi kuchanganya rangi, na niambie jicho linaonaje. Usinipe maneno ya daktari, nipe yako.

Mdogo wako


12 Mei

Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta salama, maana sina namna nyingine ya kujua. Sijapata jibu. Nikipiga simu anapokea wifi, na wifi ambaye kawaida anaweza kunisimulia bei ya sabuni mpaka betri iishe, sasa ananiambia, "Yupo, amepumzika." Wewe hata ukiwa na homa hupumziki.

Mama anauliza kwa nini barua hazisomwi tena. Nimemwambia posta wamegoma. Hajaamini, lakini amenistahi.

Kama ni jicho, sema. Kama limekataa, sema limekataa. Kaka, nina haja ya kujua. Usichukulie kuwa ni umbeya wa ndugu. Nina haja.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Watoto wazima, wifi yako mzima. Mimi nipo. Nilikaa kimya kwa sababu ya mlango mmoja wa gari, na nitakueleza, halafu tusiurudie.

Ndiyo, nilikuwa nimevaa ovaroli. Bosi aliniita, kuna pikapu nyeupe imegongwa, imewekewa mlango mpya wa kushoto. Watu hudhani nyeupe ndiyo rahisi. Nyeupe ndiyo inayoumbua mafundi, kwa sababu kila kiwanda kina nyeupe yake: moja ina tone la manjano, nyingine ina tone la bluu, nyingine imeguswa na nyeusi kidogo kama mtu aliyepita karibu na masizi. Nilichanganya kwa jicho la kushoto, kama siku zote, kwa kuwa la kulia lilikuwa bado kwenye mvuke wake. Nikapaka kwenye kipande cha bati, nikakiweka ubavuni mwa gari, nikaona mapacha. Tukapuliza. Ikakauka. Tukaisukuma pikapu nje juani.

Jasho likaniingia jicho la kushoto. Nikalifunga ili nilifute, nikabaki natazama kwa jipya peke yake. Ukungu ulikuwepo, sikatai, pembe za gari sikuziona. Lakini rangi niliiona. Gari lilikuwa jeupe na mlango wangu ulikuwa wa manjano kama jino la mzee. Nikafungua la kushoto: mapacha. Nikalifunga: jino. Nilisimama pale nafunga na kufungua, ungedhani nakonyeza pikapu.

Nikamwita bosi nikamwambia mlango una manjano. Hakushangaa. Alisema, "Usijali, fundi, tutarudia. Huwa tunarudia."

Nikamuuliza, "Huwa?"

Akatazama chini. Nikamuuliza tena, na yule wa kunyoosha bodi ndiye aliyenijibu. Alisema kwa muda mrefu sasa, mwaka na zaidi, nikishaondoka jioni wao huongeza tone hapa na tone pale. Daktari alinifafanulia baadaye: mtoto wa jicho, ambaye kushoto bado yupo, huwa na manjano yake, anainywa bluu yote isifike ndani, mwenye jicho hajui kwa kuwa inakuja kidogo kidogo. Kumbe nilikuwa nachanganya rangi za dunia niliyokuwa naiona peke yangu. Na wale vijana wakinipongeza, "Fundi, hii kiboko," walikuwa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nadhani ilikuwa huruma. Huruma hiyo imenichoma kuliko matusi.

Nilirudi nyumbani nikalala. Matone ya dawa waliyonipa hospitali sikuyaweka. Nilisema moyoni, jicho lenyewe ndilo hili, kitu cha kwanza limenionyesha ni aibu yangu, nilihudumie kwa lipi? Wifi yako akiuliza kama nimeweka, nasema nimeweka. Siku zikapita hivyo. Halafu jicho likawa jekundu, mwanga ukawa unanichoma, na ule mvuke uliokuwa umeanza kupungua ukarudi mzito. Wifi yako aliliona tukiwa kwenye chai. Alichukua mkoba wake na mkono wangu, tukaenda.

Daktari hakucheka safari hii. Alisema mwili umemgundua mgeni na umeanza kumfukuza. Matone ndiyo yaliyokuwa yanautuliza mwili, nami nimeyakata. Sasa nayaweka kila saa, wifi yako anasimama juu yangu kama askari jela. Utando unaweza kupona, unaweza usipone. Daktari haahidi.

Basi. Usimwambie Mama.

Kaka


2 Juni

Kaka,

Leo sina salamu nyingi. Mama mzima. Barua yako nimeisoma ndani ya lori, milango imefungwa, kwa kuwa niliona bahasha ni nene nikajua si habari njema.

Nilipofika pale uliposema hukuweka matone niliikunja nikashuka nikatembea mpaka kwenye bomba, nikanawa, nikarudi. Nimekuwa mbogo na mpaka sasa ni mbogo. Nisikilize basi.

Anayeuliza ni mimi. Hakuna jirani aliyeuliza, hakuna ndugu wa jirani.

Ilianza mwaka jana. Nilikuwa naamka, nawasha lori, kioo cha mbele kina ukungu, nafuta. Nafuta nje, nafuta ndani, naingia, bado. Nikanunua kitambaa kipya. Nikabadilisha sabuni. Nilimgombeza hadi anayeosha magari, maskini, akakisugua kile kioo mpaka akatoka jasho. Siku moja nikapitisha kidole juu yake nikaona ni kikavu na ni safi, kinalia chii. Ukungu ulikuwa wangu. Wanasema macho hayana pazia. Ya kwetu yana pazia la urithi.

Nikajitia hamnazo nikaendelea kuendesha. Kufikia mchana kunakuwa kweupe, unajisahaulisha. Kisha mwezi wa pili, siku chache kabla hujafanyiwa, nilikuwa nakata kona ya kiwandani alfajiri na kuna mama alikuwa anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Sikumwona. Kaka, madumu ni ya manjano, makubwa, yamejaa mkokoteni, sikuyaona. Nilisikia tu kiganja chake kikipiga ubavu wa lori, nikakanyaga breki. Alisimama mbele yangu akanitukana matusi yote anayoyajua, na mimi niko juu nashukuru kila tusi kwa sababu anayetukana yu mzima.

Ndipo nikaomba kuondoka jua likishapanda. Nilidanganya kwamba Mama anahitaji chai yake asubuhi.

Na nikajiwekea nadhiri. Nikasema jicho la kaka limetangulia. Likipona, naenda na mimi. Likikataa, naendesha mpaka nitakaposhindwa, kisha nitakaa mlangoni asubuhi na dirishani jioni. Kwa hiyo nimekufanya wewe kile kipande chako cha bati cha kujaribia rangi. Kila barua naifungua natafuta neno moja tu. Ulipoacha matone hukuacha ya kwako peke yako. Hukujua, najua kwamba hukujua, lakini hasira haijui kutofautisha.

Naogopa, kaka. Kila Mama anapopapasa meza kutafuta kikombe, naona mkono ni wangu. Niambie ukweli wa jicho, na mimi nitajua la kufanya.

Mdogo wako


13 Juni

Mdogo wangu,

Weka ufunguo chini. Usimalize kusoma, weka kwanza, halafu endelea.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa jicho la kushoto na mara ya pili, kwa taabu, kwa la kulia. Umeona nilivyosema. Kwa la kulia. Wekundu umeshuka na mwanga haunichomi tena. Herufi kubwa za kwenye boksi la dawa nazisoma, ndogo bado zinacheza. Daktari anasema mwili umekubali kutulia, lakini matone nitayaweka kwa muda mrefu sana, pengine siku zote, na lolote linaweza kutokea. Ukweli ndio huo, sikuongeza wala sikupunguza.

Asubuhi moja wiki hii niliamka, dari ikawa dari. Ina mstari wa ufa kutoka kwenye taa mpaka kona, na sikujua tunaishi na ufa. Nikageuka nikamtazama wifi yako kwa hilo jicho, nikamwambia, "Kumbe umezeeka." Alisema amezeeka akinitafutia viatu. Hakuzungumza nami mpaka jioni, na mimi nilikuwa na furaha siku nzima, nikitazama uso wake kila aliponipita.

Kazi bosi amenipa ya msasa. Nasugua milango, wengine wanachanganya. Kama nitachanganya tena sijui. Itabidi na la kushoto lifanyiwe, na kwa sasa naliogopa. Usifikiri kaka yako ni shujaa.

Lakini hilo la kunifanya kipande cha bati nalikataa. Bati huwezi kulitegemea hivyo. Mimi niliacha matone kwa kiburi; je, wewe upofuke kwa kiburi changu? Hata jicho langu likikataa kesho, wewe nenda. La kwangu ni la kwangu, la kwako halijaguswa. Daktari anasema anayewahi kioo chake kikiwa hakijachakaa sana hupata nafuu iliyo bora. Nimemuuliza kwa ajili yako, na sikumwambia ni jirani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwa upande wako, ewe mwenye lori, kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mama wa watu na mkokoteni wake. Namba ya bosi wako ninayo. Nakupa nafasi umwambie mwenyewe kabla sijampigia. Unichukie, nitavumilia, nimeshachukiwa na wewe tangu ukiwa unanyonya.

Nimekuombea nafasi kwa daktari katikati ya Julai. Njoo ukae hapa, chumba cha watoto kitakuwa chako. Mama umwache kwa jirani, safari ni ndefu kwake, na ya kwake kama ulivyosema yameshapita.

Kaka


3 Julai

Kaka,

Wifi na watoto nawasalimu, na huyo mwenye jino jipya mwambie shangazi anakuja kulikagua.

Ufunguo nilikuwa nimeuweka kabla barua yako haijafika, kwa hiyo usijivune. Siku ile ile niliyokuandikia niliwasha lori, nikazima, nikaenda ofisini kwa miguu. Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, ningependa afoke. Alichukua ufunguo akauweka kwenye droo, akasema nitapokea mitungi getini mpaka tujue. Mwenzangu alipotoka na lori langu alikosea gia mlimani, nikasikia uchungu kama linapigwa.

Jioni nikamwambia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakulia. Alisema, "Nilijua. Nakusikia asubuhi unavyokifuta kile kioo. Hakuna kioo kichafu kiasi hicho."

Barua yako ilipofika nikamsomea kwa sauti, na nilipofika pale pa kumwacha kwa jirani nikapasoma pia, sikuwa nimepanga kuparuka. Akasema, "Mmeandikiana tangu Februari. Mama anauliza hiki, Mama anataka kujua kile. Mimi sijauliza kitu. Na kwenu wawili hakuna aliyeniuliza."

Nikasema, "Mama, ya kwako ni ya zamani."

Akasema, "Yameshapita. Umelisema mbele yangu mara nyingi, ungedhani nimekwenda sokoni. Yamepita kwa nani? Mimi bado naamka nayo."

Niliikunja barua, kaka. Wewe umempigania mdogo wako, mimi nimehesabu kila herufi ya jicho lako, na mtu aliyeanza kuona ukungu kabla yetu sote tulimweka kwenye salamu. Nilimwambia safari ni ndefu. Akasema ameshakaa mlangoni muda mrefu kuliko safari yoyote. Nikamwambia, kwa upole niliouweza, kwamba pengine daktari atasema amechelewa.

"Basi aseme yeye," akasema. "Si nyinyi."

Nimekata tiketi mbili. Muombe daktari aongeze mtu, na kama akisema hapana kwenye simu, usimletee Mama hilo jibu, alisikie mwenyewe akiwa amekaa kwenye kile kiti.

Njoo stendi mapema. Basi linafika alfajiri, na alfajiri mimi na Mama tunalingana. Tutakuwa tumeshikana mikono na hakuna atakayekuwa anamwongoza mwenzake. Usipunge mkono, hatutauona. Utakuja mpaka tulipo.

Mdogo wako